Maji Chini ya Nailoni

Wilmer alipopiga magoti kubandua utepe wa gundi, Doray alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kakao moto mkononi, akiomba kimoyomoyo maneno yaleyale aliyoamka nayo: pawe pakavu, Bwana. Leo pawe pakavu.

Kijana aliinua kipande cha nailoni alichokibandika kupima unyevu, polepole, kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka. Chini yake matone yalikuwa yametanda, madogo madogo, kama jasho la juu ya mdomo. Zege la sebule nzima lilikuwa jeupe, lakini pale lilipofunikwa tangu jana lilikuwa jeusi kama udongo wa mtoni. Akahamia pembe ya dirishani. Maji. Akahamia ya karibu na mlango wa jikoni. Maji. Alipomaliza alibaki magotini, nailoni ikimning'inia mkononi, wala hakuinua macho kumtazama msichana aliyekuwa akimsubiri.

"Niambie," Doray alisema kwa sauti ya chini.

"Siwezi kutandaza mbao hapa, Inday." Ndivyo alivyomwita, kama mabinti wanavyoitwa huko kwao.

"Lakini yamepungua. Kuliko mara ile yamepungua."

"Yameongezeka."

Kakao ilimwagika kidogo ikamchoma kidole, naye hakusikia maumivu. Alikuwa akitazama shingo ya Wilmer, mahali nywele zinapokoma, pale ambapo jua la kazi lilikuwa limempiga rangi ya asali iliyoungua. Mwaka mzima alikuwa ameitazama shingo hiyo kutoka madirishani na milangoni. Hawakuwahi kuachwa peke yao zaidi ya muda wa kupokezana ndoo ya maji, na katika muda huo mfupi vidole vyao vilikuwa vimejifunza kukutana kwenye mpini wa ndoo na kukawia. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao yote, na kwa Doray yalitosha kumkosesha usingizi.

Katika vijiji vile vya kando ya mto huko kisiwani Bohol, kijana mwenye adabu hakumwomba binti kwa mdomo mtupu. Alikwenda kuwatumikia wazazi wake. Alichota maji, alipasua kuni, alirekebisha paa, hadi baba wa binti aridhike. Hapo ndipo wazee wa kijana walipopanda ngazi za nyumba ya binti kuleta posa, shughuli waliyoiita pamalaye. Siku hizi vijana wengi humaliza mambo kwa simu, lakini baba yake Doray, Tatay Crispulo, hakuwa baba wa siku hizi. Alipoambiwa kwamba Wilmer ni fundi wa sakafu, alimpeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha rundo la mbao za mninga lililofunikwa kwa turubai. Zilikuwa za nyumba ya marehemu mama yake, iliyoanguka katika tetemeko. Alikuwa amezichomoa kwenye kifusi moja baada ya nyingine, akazing'oa misumari na kuzifuta kwa mafuta ya nazi, akazitunza kama watu wanavyotunza mifupa ya mtakatifu.

Zitandaze sebuleni kwangu, alimwambia Wilmer, na sikukuu ya mtakatifu wa mji itakapofika, mama yako na wajomba zako wapande waseme nami juu ya sakafu ya mama yangu. Sakafu isipokuwapo, wasije.

Alikuwa na sababu yake. Wakwe wa binti yake mkubwa, Melba, walipokuja kuposa walikalishwa juu ya zege tupu, na mmoja wao, mzee mwenye meno ya dhahabu, aliuliza kwa upole wote kama kuku nao hulala humu ndani. Watu walicheka. Tatay Crispulo naye alicheka, maana mwenye nyumba hagombani na mgeni, lakini kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa ameapa kwamba posa nyingine haitapokelewa nyumbani kwake juu ya zege.

Na sasa sikukuu ilikuwa imekaribia kiasi kwamba vibendera vya karatasi vilikwisha kufungwa kutoka kanisani hadi darajani.

Tatay Crispulo aliingia akinukia tumbaku. Alitazama nailoni mkononi mwa Wilmer, akatazama madoa meusi sakafuni, akaelewa kabla hajaambiwa. Uso ulimjaa damu. Yeye mwenyewe alikuwa mwashi. Zege lile alilimwaga kwa mikono yake, akatanguliza changarawe na mchanga, akalaza nailoni nene chini ili unyevu wa ardhi usipande, na lilikuwa limekwisha pita mwaka na zaidi.

"Nusu ya nyumba za kijiji hiki nimejenga mimi," alisema. "Tangi la padri nimejenga mimi, na halijawahi kutoa hata jasho. Leo kijana wa jana unaniambia zege langu linavuja."

"Sikusema linavuja, Tatay. Nasema lina maji."

"Yametoka wapi?"

Doray aliyaona macho ya Wilmer yakielekea jikoni, ambako mama yake, Nanay Pilar, alikuwa akikuna nazi huku akiimba wimbo wa Bikira Maria. Macho yakarudi haraka sakafuni. Lilikuwa jambo dogo kama kupepesa, na Doray hakujiuliza kwa nini jikoni. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

Kijana alijaribu kueleza kwa heshima. Mbao zile zimekauka kwa miaka mingi, alisema, na zikilazwa juu ya maji zitayanywa kwa upande wa chini tu. Zitakunja kingo zake kama dagaa juani, zitasukuma misumari nje, kisha zitaanza kuoza mahali pasipoonekana. Zikiharibika hakuna duka litakalomuuzia mtu nyingine kama hizo. Aliomba apewe muda hadi baada ya Krismasi, madirisha yaachwe wazi, sakafu iachwe kabisa. Neno hilo alilirudia mara mbili: iachwe kabisa.

Tatay Crispulo alimwambia kwamba watu wamekwisha alikwa, na kwamba kijana anayetafuta sababu ya kuchelewa kuposa huwa na msichana mwingine ng'ambo, huko Cebu. Kisha akasema lile alilokuja kulisema. Kazi ianze leo, au Wilmer akusanye vyombo vyake.

*

Doray alimfuata nyuma ya nyumba. Wilmer alikuwa amekaa kwenye kigogo kando ya mbao, ameweka kiganja juu ya ubao mmoja bila kuupapasa.

Hakuwa amepanga kumsihi. Alitaka kumtia moyo tu, lakini maneno yalitoka kabla hajayapima.

"Zitandaze, Wilmer."

"Zitaoza."

"Hazitaoza kabla ya sikukuu. Wazee wako watapanda, posa itapokelewa, padri atatangaza ndoa. Zikija kukunjamana tutakuwa tumekwisha kuwa mtu na mkewe. Atakugombeza ukiwa mkwe wake. Mkwe hafukuzwi."

Wilmer alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale yaliyokuwa yakimtafuta kila asubuhi juu ya mpini wa ndoo, lakini sasa yalikuwa na uchovu ambao hakuwahi kuuona.

"Unaniambia nimwibie baba yako kitu alichoachiwa na mama yake, ili anipe binti yake."

"Nakuambia unichague mimi."

"Nimekuchagua."

"Umechagua mbao," Doray alisema, na sauti ilianza kumkatika. "Kaa nazo basi. Zioe."

Hata yeye alijua kwamba hayo yalikuwa maneno ya mtu anayezama na kumkaba anayemwokoa. Wilmer hakukasirika. Alisema kwamba kila siku ya maisha yao, akikanyaga sakafu ile, angekuwa anakanyaga uongo, na kwamba angemwona Tatay Crispulo akiinama kugusa ubao ulioinuka, asijue la kumwambia. Hawezi kuanza ndoa namna hiyo mbele ya Mungu.

Doray alifuta machozi kwa nyuma ya mkono. "Basi niambie maji yanatoka wapi. Baba akijua yanatoka wapi hatakuona mwongo. Wewe unajua. Nimekuona usoni kwamba unajua."

Kuku alipita kati yao akidonoa.

"Niulize jambo lingine lolote," Wilmer alisema.

"Nakuuliza hilo."

"Hilo siwezi, Inday. Si la kwangu."

Aliinuka, na kwa mara ya kwanza bila ndoo kuwa kati yao, alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na magamba ya gundi. Doray alitaka kuukaza mkono ule, badala yake aliuchomoa wake. Mtu mwenye siri hawezi kuwa mume wangu, alimwambia, kisha akageuka aende, akitumaini kuitwa. Hakuitwa.

Jioni ile majirani walianza kufika kwa rozari ya novena, zile sala za siku tisa kabla ya sikukuu, wanawake wenye vitambaa kichwani na mishumaa mikononi, na baadhi ya wanaume. Tatay Crispulo alikuwa ameketi kizingitini na kibuyu cha tembo la mnazi. Wilmer alikuja mbele yake na sanduku la vyombo begani. Alishukuru kwa chakula chote alicholishwa katika nyumba ile. Kisha akainama autwae mkono wa mzee auguse kwa paji la uso, kama mtoto aagavyo.

Tatay Crispulo aliurudisha mkono wake nyuma.

"Baba yako alikufa ndani ya mashua iliyovuja," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hakuweza hata kuziba mbao zake mwenyewe. Ndiyo maana wewe unaona maji kila mahali."

Jirani mmoja alipiga ishara ya msalaba. Wilmer alibaki ameinama kwa muda, mkono wake ukiwa mtupu hewani, kisha akanyooka, akaweka sanduku vizuri begani. Alipopita mbele ya dirisha alimtazama Doray mara moja tu. Halikuwa jicho la lawama. Lingekuwa la lawama, labda Doray angepata usingizi usiku ule.

Rozari ilisaliwa. Doray aliitikia kila Salamu Maria kwa midomo isiyo na mtu ndani yake. Watu walipotawanyika alisikia baba yake akiongea kwenye simu na Berting, fundi wa kijiji cha juu, ambaye hakuwahi kuuliza sakafu swali lolote. Berting aliahidi kuja asubuhi na nyundo. Doray naye alijaribu kumpigia Wilmer. Simu ilikuwa imezimwa.

*

Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, alisikia mnong'ono.

Alidhani ni upepo kwenye minazi. Kisha akasikia maji, yale ya kitambaa kinachokamuliwa. Akashuka kitandani akafungua mlango wa sebuleni kiasi cha kupitisha jicho.

Nanay Pilar alikuwa magotini. Alikuwa amefunga sketi yake juu ya mapaja, na kando yake palikuwa na ndoo. Alimimina maji sakafuni kwa kata, akayasambaza kwa kitambaa hadi mkono wake ulipofika, akasema, "Salamu Maria, umejaa neema," akamaliza sala yote, kisha akajivuta mbele kwa magoti akamimina tena. Nyuma yake sakafu ilikuwa ikimeta. Kwenye kiti palikuwa na matambara makavu yaliyokunjwa, tayari kwa kufutia. Magoti yake yalikuwa yamechubuka, si kwa siku moja.

"Nanay."

Mama alishtuka akashika kifua. Kisha, kama mtoto aliyekamatwa na sukari, akajaribu kuisukuma ndoo nyuma yake.

"Rudi ukalale," alinong'ona. "Ni nadhiri. Nadhiri ikionwa inapungua nguvu."

"Nadhiri ya nini?"

"Ya nini tena. Ya ndoa yako." Uso wake mpole ulijaa mwanga wa aibu na furaha pamoja. "Tangu Wilmer aanze kututumikia nimemwahidi Mama Maria kwamba nitamwoshea sebule kila alfajiri kwa magoti, hadi siku ya posa. Wazee wake watakapokaa hapa watakuwa wamekaa juu ya sala."

Doray aliushika mlango.

"Kila alfajiri?"

"Sijakosa hata moja. Na zege linapenda maji, mwanangu. Nani amwagiliaye zege la baba yako tangu tulipooana? Mimi. Huniambia, Pilar, lisikauke, limwagilie liwe gumu. Nikasema, basi huku ninasali huku ninaliimarisha." Alicheka kidogo, kisha akaona uso wa binti yake na kicheko kikamfia. "Kuna nini?"

Doray alitamani asiseme. Kwa muda alitafuta uongo, akakuta hana. Alipiga magoti kwenye maji mbele ya mama yake, akaichukua mikono yake iliyokunjamana kwa maji, na akamwambia. Aliyaeleza matone chini ya nailoni. Alimwambia kwamba mbao haziwezi kulala pale, na kwamba ndiyo sababu Wilmer amefukuzwa.

Nanay Pilar hakulia. Alitazama ndoo. Midomo yake iliendelea kutembea, labda alikuwa bado katikati ya sala.

"Lakini mimi nilisikia wakigombana juu ya kazi ya baba yako," alisema. "Nilidhani ni maji ya chini." Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Yeye alinikuta."

"Nani?"

"Wilmer. Alikuja mapema kupasua kuni, akafungua mlango nami nipo katikati ya sebule. Alirudi kinyumenyume, kama mtu aliyeingia kanisani wakati wa komunyo. Hakusema kitu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kijana huyu ana heshima, hatanivunjia nadhiri yangu."

Sasa Doray alielewa macho yaliyokwenda jikoni na kurudi. Alielewa lile neno, iachwe kabisa. Alielewa jambo ambalo Wilmer alisema si la kwake. Wilmer angeweza kuokoka kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ingemwangukia mama huyu mbele ya mume mwenye hasira na mbele ya Mungu wake, kwamba kwa kuomba ameharibu alichokiomba. Akaibeba aibu hiyo yeye, pamoja na ile ya mashua ya baba yake.

"Nilikuwa namwomba Mungu akupe mume," Nanay Pilar alisema, "kumbe namfukuza kwa mikono hii."

"Mungu alikusikia, Nanay. Alikuonyesha ni mume wa namna gani." Doray aliweka kichwa chake kwenye bega la mama lililolowa. "Mimi ndiye niliyemwambia hafai. Nilimwambia mwenye siri hawezi kuwa mume wangu."

Hapo ndipo wote wawili walipolia, na kilio kile kilimwamsha Tatay Crispulo.

Alisimama mlangoni na fulana yake ya kulalia, akatazama ndoo, matambara, magoti ya mke wake. Hakuna aliyehitaji kumweleza mengi. Aliinama akaweka kiganja sakafuni, akakigeuza, akakitazama jinsi kilivyometa.

"Likiwa changa," alisema taratibu. "Nilikuambia ulimwagilie likiwa changa, Pilar. Likishakomaa linaachwa."

"Hukuniambia linakomaa lini."

Miaka yote ambayo mzee alimwamuru alimwagilie, hakuwahi kumwambia acha. Huwa anahamia kwenye kazi nyingine, na zege linabaki na mwenye nyumba.

"Wilmer alijua," Doray alisema. "Alijua, Tatay. Akanyamaza kwa ajili ya Nanay."

Tatay Crispulo aliketi palepale juu ya maji. Hakuwa mtu wa kuketi chini. Pikipiki ya Berting ilisikika ikipanda kutoka darajani, ikazimika uani, na sauti ya uchangamfu ikauliza mbao ziko wapi. Mzee alijibu bila kuinuka kwamba hakuna kazi, Berting arudi nyumbani akanywe kakao na mkewe. Berting aliuliza kama anaumwa. Pikipiki ikaondoka.

"Nenda ukamwite, Tatay," Doray alimsihi. "Mwambie neno moja tu. Hahitaji mawili."

"Nilimtaja baba yake." Alikuwa akiongea na sakafu. "Mbele ya watu, na rozari mikononi mwao. Mama yake, Sabel, amekwisha sikia, kijiji hiki hakina ukuta. Hawatapanda ngazi zangu tena, Inday, hata nikiziweka dhahabu. Na mimi ngazi zake siwezi kuzipanda. Miguu itakataa."

"Basi ndiyo imekwisha?"

Baba yake alifunika macho kwa ule mkono aliokuwa ameurudisha nyuma jana.

Nanay Pilar aliinuka. Ilimchukua muda, kwa ajili ya magoti. Alikamua kitambaa kwenye ndoo, akakitundika dirishani, akaifungua sketi yake ikashuka hadi miguuni.

"Ya kwangu haitakataa," alisema. "Doray, vaa viatu."

Tatay Crispulo alimtazama. Mke wake hakuwa amemwomba ruhusa, naye hakumzuia.

*

Nyumba ya Nanay Sabel, mama yake Wilmer, ilikuwa mwisho wa njia ya mto, juu ya nguzo, kwenye matope ya minipa, ile mitende mifupi iotayo majini. Nanay Sabel alikuwa ameketi juu kwenye baraza akishona makuti ya kuezekea, sindano ya mwanzi ikipita kwenye majani bila kukosea. Aliwaona tangu mbali. Hakuacha kushona.

Walisimama chini ya ngazi. Doray alimwita kwa heshima, akamsalimu. Sindano iliendelea.

"Kama mmekuja kuchukua ndoo mliyomwazima mwanangu, ipo chini ya nyumba," Nanay Sabel alisema. "Msiogope, haivuji."

Nanay Pilar alimeza pigo hilo akaomba lingine kama lipo. Kisha akaeleza. Alieleza kila kitu, kata ya maji, magoti, alfajiri zote, na kijana aliyefungua mlango akaufunga. Sauti yake ilitetemeka lakini haikukatika. Sindano ilianza kwenda polepole, halafu ikasimama.

"Maji yale niliyamwaga mimi, Sabel. Mwanao alinisitiri, na mume wangu akamtukania marehemu. Sina la kujitetea. Nimekuja kumwomba Wilmer awe mume wa binti yangu."

Nanay Sabel aliinua macho. "Tangu lini upande wa binti ukaja kuposa?"

"Haijawahi kutokea," Nanay Pilar alikiri.

"Crispulo anajua?"

"Yuko nyumbani, amekaa kwenye maji."

Kitu kama tabasamu kilipita kwenye uso wa mjane na kupotea. Aliweka kuti kando.

"Umechelewa," alisema. "Ameondoka na boti ya asubuhi. Cebu, halafu Palawan, kuna hoteli inajengwa. Mkataba ni hadi mvua za mwakani. Hakulala. Aliketi hapo ulipo wewe, Inday, usiku kucha, na nilipomuuliza amekosa nini, aliniambia hakuna aliyekosa."

Doray alisikia maneno, boti, Palawan, mwakani, yakipita kama yanamhusu mtu mwingine. Akaketi kwenye lundo la makuti yaliyokwisha kushonwa, akalia kama hakuwahi kulia, bila kujificha, mikono wazi mapajani. Alikuwa ameuchomoa mkono wake. Alikuwa amewaza kwamba ataitwa.

Hakuna aliyemwambia nyamaza. Nanay Pilar alisimama tu pale chini ya ngazi, mikono imekunjwa, kama mtu anayesubiri hukumu na hataondoka hadi isomwe. Ndege wa mtoni alilia. Nanay Sabel alishuka kipago kimoja, cha pili, akafika penye mtungi wa kunawia miguu, akaukorogakoroga kwa kata kana kwamba anatafuta kitu ndani.

"Marehemu mume wangu hakuwapo siku baba yangu alipokubali posa yake," alisema. "Alikuwa baharini. Alirudi akakuta amekwisha pata mke, akaulizwa tu atakula nini." Alijaza kata. "Pamalaye ni maneno ya wazee. Sijasikia popote kwamba humngoja kijana."

Akampa Nanay Pilar kata ile.

"Nawa miguu upande. Na wewe, binti, inuka hapo. Ukiendelea kuyalilia makuti yangu yataoza kabla sijayaezeka."